Kichujio chenye magando: miezi saba ya kukamata shaba jikoni, Lubumbashi

Muuzaji aliyeniuzia kichujio hiki, katika duka moja la vifaa vya maji katikati ya mji, aligonga gamba lake la plastiki kwa ukucha na kuniambia: "Mwalimu, hapa yanapita maji tu, madini yote yanabaki nje." Nilimlipa dola 120 nikijua kwamba maneno yale hayakuwa ya kweli. Ninafundisha kemia katika shule ya sekondari, na kitabu kidogo cha maelezo kilichokuwa ndani ya boksi kilikuwa kimeniambia jambo la kuvutia kuliko lile aliloniambia yeye. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa vifaa vya aina hii hufika mjini vikiwa na lebo tofauti juu ya gamba lile lile, na ninachokipima hapa ni aina yenyewe ya kichujio pamoja na namna kinavyouzwa.

Kifaa chenyewe ni mitungi miwili myembamba inayofungwa ukutani. Wa kwanza una uzi uliosokotwa wa kuzuia matope na mchanga. Wa pili una katriji yenye mamia ya nyuzi nyeupe zenye kahawia hafifu na uwazi ndani, kama makaroni membamba mno, na hizo ndizo utando. Nyuzi hizo ni za polima (plastiki ya molekuli ndefu) iitwayo polietha-salfoni, na matundu ya kuta zake, kwa mujibu wa kitabu, yana upana wa nanomita 20 hivi; nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Bakteria wa kipindupindu, ambaye ni mkubwa kuliko tundu hilo kwa zaidi ya mara ishirini, hawezi kupita hapo. Lakini ioni, yaani chembe yenye chaji iliyoyeyuka majini, ya shaba au ya kadimi, hata ukiihesabu pamoja na molekuli za maji zinazoizunguka, ina upana usiofikia nanomita moja. Inapita katika tundu la nanomita 20 kama kuku anavyopita mlangoni mwa kanisa. Kwa hiyo utando wa namna hii, ukiachwa kama ulivyotoka kiwandani, hauzuii metali yoyote iliyoyeyuka, na yeyote anayeuza kichujio cha kawaida cha nyuzi akisema kinaondoa risasi anauza maneno.

Kinachokifanya kichujio hiki kuwa tofauti ni kwamba utando wake umebadilishwa. Kitabu kinaeleza kuwa nyuzi huchovywa kwanza katika dopamini, ambayo katika maji yenye ubesi kidogo hujiunga yenyewe na kuacha ngozi nyembamba ya kahawia inayong'ang'ania karibu kila kitu. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 2007 na kundi la watafiti la Phillip Messersmith nchini Marekani, waliokuwa wamejifunza kutoka kwa kome wa baharini jinsi anavyojigandisha kwenye mwamba huku mawimbi yakimpiga. Juu ya ngozi hiyo hupandikizwa polima nyingine, polietilenimini, ambayo imejaa vikundi vya amini, yaani vikundi vyenye naitrojeni. Kila amini ina jozi ya elektroni isiyo na kazi, na ioni ya shaba inayopita karibu hushikwa na amini mbili, tatu au nne kwa pamoja. Wanakemia huita mshiko huo kelati, neno lililotokana na Kigiriki cha gando la kaa, na sijaona jina lililomfaa mtu au kitu kuliko hili. Maji yanapita, bakteria wanabaki kwa sababu ya ukubwa wao, na metali zinabaki kwa sababu zimebanwa. Ni kazi mbili tofauti zinazofanyika katika ukuta mmoja, na kosa la muuzaji, ambalo lingeweza kunigharimu afya ya watoto wangu, ni kuzifanya kuwa kazi moja.

Ungo haujai. Gando hujaa. Likishamshika mmoja halimshiki wa pili, na tangu hapo utando unarudi kuwa mlango wa kanisa ulio wazi, ingawa maji yanaendelea kutoka meupe, matamu na yasiyo na bakteria, kwa kasi ile ile ya siku ya kwanza.

Sasa nieleze maji yangu. Tunaishi Kampemba, sehemu ya Lubumbashi, katika nyumba yenye kisima kifupi cha mita 18 kilichochimbwa kabla hatujahamia, na robine ya Regideso, shirika la maji la serikali, iliyo mbele ya ua hutoa maji inapotaka. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, tanuru likaanza kuyeyusha mwaka 1911, na mkoa wenyewe, Katanga, uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Hakuna mtoto wa Lubumbashi asiyejua kuchora dohani na mlima ule mweusi wa mabaki ya tanuru. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven nchini Ubelgiji, akiwemo Célestin Banza, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga vilivyoonyesha kobalti nyingi mno kwa watu wanaoishi karibu na migodi na matanuru. Metali hizo haziingii mwilini kwa maji peke yake, kwani vumbi na mboga vina sehemu yao, na kichujio cha jikoni hakifagii vumbi. Hata hivyo maji ndiyo njia niliyoweza kuifunga kwa dola 120.

Kabla ya kufunga kifaa nilipeleka sampuli katika maabara moja mjini, na ushauri wangu wa kwanza kwa msomaji ni kufanya hivyo kabla ya kununua chochote. Chupa iwe mpya, isuukuzwe mara tatu kwa maji yale yale yanayopimwa, na maabara iombwe kutia tone la asidi ya nitriki, la sivyo sehemu ya metali hujishikiza kwenye kuta za chupa na cheti kinatoka kizuri kuliko maji. Majibu yangu yalikuwa ya kunifariji na kunisumbua kwa wakati mmoja. Shaba ilikuwa zaidi kidogo ya nusu miligramu kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi miligramu 2. Risasi ilikuwa chini ya mikrogramu 10, ambacho ndicho kikomo chake. Kadimi ilikuwa imepita kidogo kikomo cha mikrogramu 3. Kobalti ilikuwa makumi ya mikrogramu, na shirika hilo halijaiwekea kikomo katika maji ya kunywa, jambo ambalo kwa mtu wa Katanga ni sawa na mvuvi kuambiwa kuwa hakuna aliyepima kina cha ziwa. Jirani yangu wa upande wa pili, mwenye foraje (kisima kilichotobolewa kwa mashine) refu lililofika kwenye mwamba wa dolomiti, alipima pia, na kwake metali zilikuwa kidogo sana. Dolomiti hupunguza asidi ya maji na kuzifanya metali nyingi zigande hukohuko chini. Nilimshauri asinunue kichujio hiki, na mpaka leo ananishukuru kwa dola zake.

Kufunga kulichukua asubuhi moja. Boksi linaahidi lita 2 kwa dakika, lakini kwa maandishi madogo linaongeza kwamba hiyo ni kwa msukumo wa bari 2, yaani tangi lililo mita 20 juu ya robine. Langu liko juu ya mnara wa mita 4. Lita moja hunichukua dakika mbili na nusu, na mke wangu, ambaye alitegemea kujaza sufuria ya bukari (ugali) papo hapo, aliniuliza kama nimenunua kichujio au dripu ya hospitali. Tukazoea kuweka bidoni chini yake usiku. Nikiwa mwaminifu, ucheleweshaji huo unasaidia, kwa sababu ioni hupata muda wa kutosha kukutana na gando. Familia yenye pampu kali hupata maji ya haraka na ukamataji hafifu. Na kifaa hakihitaji umeme hata kidogo, jambo ambalo katika mtaa wetu lina thamani kuliko lita zozote kwa dakika.

Matokeo ya mwezi wa kwanza yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Shaba haikuonekana kabisa kwenye mashine ya maabara, kadimi ilishuka chini ya mikrogramu moja, na kobalti ilipungua kwa zaidi ya robo tatu. Laiti ningeishia hapo, tathmini hii ingekuwa na nyota zote. Kitabu kiliandika kuwa katriji hudumu lita 6,000. Sisi hutumia lita 25 kwa siku za kunywa na kupikia, kwa hiyo nilihesabu miezi minane na kustarehe.

Mwezi wa tano nilipeleka sampuli mbili kwa mazoea tu, moja ya kisima na moja ya kichujio. Shaba ilikuwa bado inakamatwa vizuri, kiasi cha moja ya kumi tu ikipita. Kadimi ilikuwa karibu imerudi ilipokuwa. Kobalti katika maji yaliyochujwa ilikuwa nyingi kuliko katika maji ya kisima. Niliisoma mistari ile mara tatu, kisha nikampigia simu fundi wa maabara kumwuliza kama amebadilisha chupa. Alinijibu kwa utulivu kuwa chupa ziliandikwa na mkono wangu mwenyewe.

Maelezo yake yapo katika somo ninalolifundisha kila mwaka. Tangu katikati ya karne ya 20 kuna mpangilio unaojulikana kwa majina ya Irving na Williams, unaoonyesha jinsi metali zinavyozidiana nguvu ya kushikwa: kobalti iko nyuma ya nikeli, nikeli iko nyuma ya shaba, na shaba iko kileleni. Magando yanapokuwa mengi na matupu, kila metali inapata nafasi. Yanapojaa, shaba mpya inayofika humwondoa kobalti aliyekaa, kama abiria mwenye tiketi anavyomwinua aliyekaa bila tiketi, na kobalti yote iliyokusanywa kwa miezi mitatu ya kwanza huanza kuteremka kwenye kikombe pamoja na ile inayoingia siku hiyo. Kwa muda fulani, basi, mtu anakunywa kobalti zaidi kuliko ambaye hakununua kitu. Hakuna neno hata moja kuhusu hili katika kitabu, wala kwenye boksi, wala kinywani mwa muuzaji.

Hata zile lita 6,000 zinaonekana mchezo ukizipiga hesabu. Katriji haihesabu lita, inahesabu metali. Kwangu, lita 3,750 zenye zaidi kidogo ya nusu miligramu ya shaba zilileta karibu gramu 2 za shaba, na hapo ndipo ilipoelemewa. Mtu mwenye maji ya miligramu 2 kwa lita, ambayo bado yanaruhusiwa, angefika hapo kwa lita 1,000 hivi, yaani siku arobaini kwa matumizi kama yetu. Mwenye maji ya robo miligramu angevuka lita 7,000. Tarakimu moja iliyochapishwa kwa watu wote haimfai yeyote kati yao, na ninashuku ilipimwa katika maji laini yenye metali moja tu, si katika maji ya bonde la mto Lubumbashi ambamo kila kitu kinasafiri pamoja.

Kitabu kinasema magando yanaweza kusafishwa, na hapa kampuni ilisema kweli. Asidi huzipa amini protoni (chembe za hidrojeni zenye chaji chanya), nazo zikiwa na protoni huachia metali. Nilizungusha lita 3 za siki nyeupe katika katriji kwa saa mbili, kwa pampu ndogo niliyoazima. Siki iliingia kama maji na kutoka ikiwa na rangi ya samawati iliyoelekea kijani, rangi ambayo kila aliyesoma shule hapa ameiona katika malakiti, jiwe la kijani lenye shaba. Kisha nilipitisha maji yenye magadi kidogo ili kuondoa asidi, halafu maji safi, na kumwaga lita 20 za kwanza. Kipimo kilichofuata kilionyesha kuwa ukamataji umerudi, ingawa si wote. Baada ya majuma sita kobalti ilianza tena kuchungulia. Safari ya kwanza miezi mitano au pungufu, ya pili mwezi na nusu. Sioni faida ya kuijaribu ya tatu.

Ile siki ya rangi ilinipa kazi ambayo kitabu hakikuitaja. Mtu wa kawaida angeimwaga kwenye bustani ya matembele nyuma ya nyumba, na hivyo kurudisha mezani ndani ya wiki chache metali alizolipa pesa kuziondoa. Mimi niliitia chokaa mpaka mchanga wa samawati ukatua chini ya bidoni, nikamwaga maji ya juu, na kuuhifadhi ule uliobaki katika mtungi wenye mfuniko na maandishi ya onyo. Jirani alipouona aliniuliza kwa dhati kama wanunuzi wa madini wangeukubali. Nilimwambia ni gramu 2.

Mwezi wa saba nilikata katriji kwa msumeno wa chuma mbele ya wanafunzi wangu wa mwaka wa tano. Nyuzi zilizokuwa nyeupe zenye kahawia hafifu zilikuwa zimegeuka samawati, nzito upande wa kuingilia maji na kupungua kuelekea upande wa pili, bila kubakiza hata sentimita moja ya rangi ya mwanzo. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini watengenezaji hawakuweka gamba la kioo, ili mtu aone mstari wa samawati unavyosogea na kujua siku ya kubadilisha. Sina jibu zuri kwake. Swali lake lina thamani kuliko kitabu chote cha maelezo, ingawa lingewafaa tu wale ambao adui yao ni shaba. Kadimi na risasi hazina rangi ya kujitangaza.

Na kuhusu risasi, boksi linaandika kwa herufi kubwa kuwa kifaa kinaondoa "metali zote nzito kwa asilimia 99". Kwa maji yangu sikuweza kulipima dai hilo, kwa kuwa risasi ilikuwa kidogo tangu mwanzo, lakini amini humshika risasi kwa nguvu ndogo kuliko shaba, na mahali penye shaba nyingi risasi itakuwa miongoni mwa wa kwanza kuinuliwa kitini. Mwenye tatizo la risasi atafute utando uliopandikizwa vikundi vya salfa au vya kaboksili, ambavyo hupatana nayo zaidi. Orodha ya boksi inataja pia aseniki. Aseniki husafiri majini ikiwa na chaji hasi, na katika maji ya chini yasiyo na oksijeni haina chaji kabisa; hakuna sababu ya kulitegemea gando lililotengenezwa kwa ajili ya ioni chanya kwa kazi hiyo, ambayo kwa kawaida hufanywa na oksidi za chuma. Dai hilo ningelifuta.

Wengi wameniuliza kwa nini sikununua mashine ya osmosisi ya kinyume, kama ile inayotumiwa na wauza maji wa mifuko. Utando wake hauna matundu ya kuhesabika, hukataa metali karibu zote bila kuchagua, na haujai kwa namna niliyoieleza. Kwa ubora wa maji, unaushinda huu. Lakini unataka msukumo wa bari 3 au zaidi, maana yake pampu na umeme wa kuaminika, na mashine ndogo za nyumbani humwaga lita 3 au 4 kwa kila lita moja wanayoinywa watu. Mwenye kisima kinachokauka Septemba na umeme unaokuja saa tano usiku ajipime mwenyewe. Kuchemsha, kwa wale wanaokutegemea bado, huua vijidudu na kuacha metali zote ndani ya sufuria, tena katika maji machache zaidi.

Duka nalo linastahili mistari miwili. Nilirudi na vyeti vyangu vitatu, muuzaji akavisoma kwa heshima, akaniita mwalimu mara nne, na kukataa kunipa punguzo kwa katriji mpya, ambayo ni dola 38. Alipoulizwa ilitengenezwa lini, aligeuza boksi pande zote sita na hakukuta tarehe. Nyuzi ambazo zimekauka rafuni kwa miaka zinaweza kupoteza uwezo wa kupitisha maji, kwa hiyo swali halikuwa la ubishi.

Kama kifaa, ningekipa tatu kati ya tano: ukamataji wake wa shaba ni wa kweli, ulinzi wake dhidi ya bakteria ni imara, hakitaki umeme, na bei yake inafikika kwa mshahara wa mwalimu akivumilia. Kama bidhaa inayouzwa kwa mtu asiyesoma kemia, kwa zile lita 6,000 na ile asilimia 99, ningekipa moja. Wenye visima vifupi na kipimo cha maabara mkononi wanaweza kukinunua, wakihesabu gramu badala ya lita na kubadilisha katriji mapema. Wasio na kipimo waanze na kipimo.

Katriji ya pili nimeifunga Jumamosi iliyopita. Kwa hesabu yangu inatosha miezi mitatu, na tarehe ya kuiondoa nimeiandika kwenye gamba kwa kalamu ya wino mzito, mahali ambapo hata mke wangu akijaza bidoni usiku ataiona.